Kidogo ni Kiasi Gani?

Ndugu msomaji, mwezi uliopita binti yangu, aliye darasa la sita, alirudi nyumbani na daftari la Kiingereza akaniomba nimsaidie kazi aliyopewa na mwalimu wake. Kazi yenyewe ilikuwa kutafsiri sentensi kumi kwa Kiswahili. Nane tulizimaliza kabla chai haijapoa. Mbili za mwisho zilitushinda, au niseme kweli, zilinishinda mimi, maana mtoto alikuwa amekwisha niachia kalamu.

Sentensi ya tisa ilisema kwamba bibi ana "little food". Ya kumi ilisema kwamba bibi ana "a little food". Tofauti ni herufi moja tu, ile "a" inayotangulia. Nikaandika ya tisa: Bibi ana chakula kidogo. Nikaandika ya kumi: Bibi ana chakula kidogo. Kesho yake daftari likarudi na alama ya kosa kwenye ya kumi, na maneno haya kwa wino mwekundu: "Sentensi mbili tofauti haziwezi kuwa na tafsiri moja."

Mwalimu alikuwa na haki. Katika Kiingereza, mwenye "little" analalamika: alichonacho hakitoshi, ni kama hana. Mwenye "a little" anashukuru: si kingi, lakini kipo, kinasogeza siku. Herufi ile moja ndiyo inayomtenga mwenye njaa na mwenye riziki. Sisi neno letu ni moja kwa wote wawili, na anayesikiliza ndiye anayeachiwa kazi ya kuamua ni yupi kati yao anayesema.

Nilicheka na binti yangu, tukasahihisha, akaenda kulala. Mimi usiku ule sikupata hata lepe la usingizi. Sababu yake ni kwamba sentensi zile mbili nilikwisha kuzisikia zamani, na nilizisikia kwa maneno yale yale ya Kiswahili, kutoka kinywani mwa bibi yake mwenyewe, mama yangu mzazi, anayeishi Kintinku. Nami nilizitafsiri vibaya. Mara ile hapakuwa na wino mwekundu wa kunisahihisha.

Neno lenye adabu

Kabla sijakupeleka Kintinku, hebu tulitazame neno lenyewe, maana tunalitumia tangu alfajiri hadi tunapolala, na ni nadra sana kuliuliza lina maana gani.

Ndani ya daladala kondakta husema, "Sogea kidogo," naye anataka uhame kiti kizima. Dirishani pa ofisi karani husema, "Subiri kidogo," nawe ukaweza kulisoma gazeti lote, pamoja na matangazo ya vifo, kabla hajarudi. Fundi cherehani akisema, "Bado kidogo," yamkini kitambaa chako hakijakatwa. Mgonjwa husema, "Naumwa kidogo," hata anapobebwa kwa machela. Aliyeteleza ngazini husema, "Kidogo nianguke," na hapo hakuna kiasi chochote tena, ila ukaribu wa jambo ambalo halikutokea. Aliyesaidiwa sana hushukuru kwa kusema amesaidiwa si kidogo. Na yule anayekuomba "kitu kidogo" mezani pake kabla hajakupa haki yako, wewe na mimi twajua kwamba kitu hicho hakijapata kuwa kidogo kwa anayekitoa.

Kwa hiyo aghalabu neno hili halipimi kitu. Ni adabu tu. Tunalitumia kama mtu anavyotumia hodi: kupunguza ukali wa ombi, kuficha maumivu yasiwasumbue wengine, kutaja shida bila kuifanya kuwa mzigo wa jirani. Ni neno la watu waungwana. Lakini uungwana nao una gharama zake.

Wala isidhaniwe kwamba Kiswahili ni maskini wa maneno ya uchache. La hasha! Mama watoto, ambaye kwao ni Tanga, siku ile ya daftari aliketi mkekani akaanza kuyahesabu kwa vidole. Kuna chembe, ambayo ni ya mchanga, ya sukari na ya chumvi, lakini ni ya mambo yasiyoshikika pia: mtu hana chembe ya haya, hana hata chembe ya huruma. Kuna punje, nayo ni ya nafaka. Hatusemi punje ya huruma. Kuna tone, la maji, la damu, la mafuta. Kuna funda, maji ya kujaa kinywa mara moja, na tonge, ugali wa kufinyangwa kwa vidole. Kuna konzi, kiasi kinachoshikwa katika ngumi, na ukufi, kiasi kinachokaa juu ya kiganja kilichokunjuliwa. Kuna lepe, ambalo sijapata kulisikia likifuatwa na kitu kingine isipokuwa usingizi. Aliyefilisika hana hata senti, na wazee waliotumia sarafu ya senti tano walisema hana hata ndururu. Vijana husema kiduchu, na ukilitamka huku umebana vidole viwili linazidi kupungua.

Utaona, msomaji, kwamba nyuma ya mengi ya maneno haya kuna mkono, kinywa au chombo. Funda lina kinywa chake, konzi ina ngumi yake. Ukisema "ukufi wa chumvi", msikilizaji anauona mkono wako. "Kidogo" halina mkono wala chombo. Ndiyo sababu linafaa kila mahali, na ndiyo sababu mtu anaweza kujificha ndani yake, msemaji na msikilizaji vilevile.

Limebaki neno moja, nalo ni haba. Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni punje au mbegu. Tunaposema haba na haba hujaza kibaba, wengi wetu hufurahia vile maneno yanavyopatana sauti, tukasahau kwamba kibaba ni chombo hasa. Katika vipimo vya zamani vibaba viwili vilifanya kisaga, na vibaba vinne vilifanya pishi. Wahenga, basi, hawakusema kitu kidogo na kitu kidogo. Walitaja punje, wakataja na chombo zinamotiwa.

Simu ya Januari

Kintinku, kwa wasiopafahamu, ni mji mdogo katika Wilaya ya Manyoni, Mkoa wa Singida, chini kwenye sakafu ya Bonde la Ufa. Reli ya Kati ya zamani, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, inapita hapo. Treni iendayo Tabora ikishaiacha Kintinku huanza kujikaza ipande ukuta wa bonde kuelekea Saranda na Manyoni. Barabara ya lami itokayo Dodoma kwenda Singida nayo inapita hapo. Nchi yenyewe ni Ugogo. Mvua zake ni za msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili. Kwenye mabonde yanayotuamisha maji watu hulima mpunga, na kwenye ardhi kavu hulima mtama na uwele.

Miezi ya Januari na Februari mashamba huko huwa ya kijani, na abiria anayepita kwa basi hudhani ameiona neema. Kumbe ndiyo miezi ya vihenge vitupu. Cha mwaka jana kimekwisha, na cha mwaka huu bado ni majani.

Mama yangu ni mjane, analima shamba la uwele lisilofika ekari mbili. Mwaka 2024 shamba hilo lilivamiwa na kwelea kwelea wiki mbili kabla ya kuvunwa. Yafaa nikueleze habari za ndege huyu, maana anahusika sana na neno letu. Uzito wake ni kama gramu 20. Kwa siku hula nafaka kiasi cha gramu 10, chini ya kijiko kimoja cha chakula. Ukimwona mmoja juu ya suke huwezi hata kumtupia jiwe. Lakini hatembei peke yake. Kundi la kwelea milioni moja, na makundi ya namna hiyo si ajabu, humaliza tani 10 za nafaka kwa siku moja. Mama aliamka na kopo la kugonga na teo ya kurushia mawe. Alipochoka, ndege walikuwa bado hawajachoka.

Habari hizo nilikuwa nazo. Aliniambia mwenyewe kwa simu mwezi Mei: "Ndege wamekula kidogo." Unaliona neno?

Tukafika Januari 2025. Msomaji mwenye watoto anaijua Januari bila kuelezwa: viatu, sare, madaftari, na kwetu siye wapangaji, mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Jumapili moja nilimpigia mama simu.

"Mbukwenyi, mama."

"Mbukwa, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Chakula kipo, mama?"

"Kipo kidogo, baba."

"Basi tunamshukuru Mungu."

"Ndiyo, mwanangu. Tunamshukuru."

Tukaagana. Nikamwambia mama watoto kwamba kwa mama salama, chakula kipo. Alinitazama akaniuliza, "Kipo kiasi gani?" Nikamjibu kwamba amesema kipo kidogo, kinamsogeza. Neno "kinamsogeza" mama hakulisema. Nililiongeza mimi, kwa kuwa kodi ya nyumba ilikuwa mezani, na neno la mama, likitafsiriwa hivyo, lilinifaa.

Nawe ujue kwamba mimi ni mwandishi wa habari. Katika chuo nilikochukua stashahada mwalimu wetu alikuwa akilikata neno hili kwa kalamu kila alipolikuta. "Kidogo si habari," alikuwa akisema. "Ni ngapi?" Miaka zaidi ya kumi nimewauliza wakubwa kwenye mikutano: Upungufu huo ni wa tani ngapi? Kaya ngapi? Kwa muda gani? Sijaona haya kumbana mtu mzima mwenye tai mbele za watu mpaka ataje tarakimu. Kwa mama yangu niliuliza swali moja, nikapokea jibu moja, nikafunga daftari.

Pishi moja

Mwishoni mwa Januari nilipigiwa simu na jirani yake mama, bibi mzee ambaye hana kawaida ya kunipigia. Alinisalimu, akaniuliza habari za watoto, za kazi, na za joto la Dar es Salaam. Mwisho akasema, "Mama yako anakusalimu. Ukipata nafasi, njoo umwone." Nilipomuuliza kuna nini, alisema hakuna kitu, na kwamba mama yu mzima. Hakutumia neno "kidogo". Hilo ndilo lililonitia hofu.

Nikaomba ruhusa ya siku nne, nikapanda treni ya umeme hadi Dodoma na basi kutoka hapo hadi Kintinku. Mama alinipokea uani kwa furaha, lakini niliposhika mkono wake niliuhisi umebaki mifupa na joto. Usiku alinitengea ugali wa uwele na mlenda, akaketi kando ananitazama. Nilimkaribisha. Akasema, "Kula, baba. Mimi nilikula kidogo mchana."

Nilikula matonge matatu, la nne halikupita. Nilikuwa nimekiona chungu: kilikuwa kimoja, na hakikubaki kitu.

Asubuhi mama alipokwenda bombani niliingia chumba cha ndani penye kihenge. Nilikigonga kwa kidole kikalia kama ngoma. Chini kabisa, ndani ya ndoo yenye mfuniko, nilikuta uwele, na kando yake kikombe cha bati ambacho mama hupimia. Niliupima punje kwa punje, kama mwizi. Ulikuwa vibaba vinne, yaani pishi moja, kiasi cha kilo mbili na nusu hivi. Ilikuwa mwanzoni mwa Februari. Uwele mpya usingetarajiwa kabla ya mwanzo wa Mei, siku 90 mbele.

Nilipiga hesabu hapo hapo kwenye daftari langu la kazi. Kilo mbili na nusu kwa siku 90 hazifiki gramu 30 kwa siku. Msomaji, umekwisha soma kwamba kwelea mmoja hula gramu 10. Mama yangu mzazi, aliyenisomesha kwa kuuza mbuzi mmoja mmoja, alikuwa amebakiwa na chakula cha ndege watatu.

Hapakuwa na chombo hicho kimoja tu. Juu, kwenye dari ya fito, kulikuwa na kibuyu kilichozibwa kwa gunzi. Nilikitikisa, kikalia kwa uzito. Nilipomsikia mama uani nikatoka nacho mkononi.

"Mama, mbona hiki kimejaa?"

"Rudisha," alisema, na sauti haikuwa ya mgonjwa. "Hiyo ni mbegu ya kurudishia."

Alikuwa amepanda Desemba. Mvua za kwetu hupenda kukatika katikati ya msimu, na mimea ikifa, mwenye mbegu hupanda tena. Asiye nayo huangalia. Kibuyu kile kilikuwa na uwele kuliko ndoo. Alikuwa akilala chini yake na njaa, na hakukigusa.

Nikamuuliza swali ambalo lilikuwa likinichoma tangu usiku. "Mama, uliniambia chakula kipo kidogo."

"Kwani hukukikuta?" alinijibu. "Nilikwambia kipo, na nikakwambia ni kidogo. Wewe ulisikia kipo. Kidogo hukukisikia."

"Ungesema tu kwamba kuna njaa."

"Njaa?" Mama alitikisa kichwa. "Njaa ni neno jingine, mwanangu. Hilo halisemwi kwa simu."

Neno lisilosemwa kwa simu

Sikumwelewa mara moja. Ilinibidi kukumbuka simulizi alizotusimulia tukiwa watoto, alizopewa na bibi yake, habari za Mtunya.

Mtunya ni njaa iliyoipiga Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepita katika nchi. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza walioiteka Ugogo mwaka 1916, yalichukua ng'ombe, yalichukua nafaka, yakachukua na vijana wa kubeba mizigo. Ghala zikaachwa tupu na mashamba hayana watu, kisha mvua zikakosekana. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 30,000 walikufa. Wengine walitawanyika nchi za jirani kutafuta chakula, na wako ambao hawakurudi.

Kwa watu waliolelewa na walionusurika katika Mtunya, njaa si hali ya tumbo la mtu mmoja kwa juma moja. Njaa ni jina la janga. Kulitaja ovyo ni kuliita. Kwa hiyo hulitunza neno hilo kama mama alivyoitunza mbegu yake, na katika shida za kila mwaka hutumia neno dogo, lenye adabu, lisilomtia mtoto deni. "Ningesema njaa," mama aliniambia baadaye, "ungekopa kwa watu. Na watoto wako wanataka viatu."

Hivyo ndivyo tulivyodanganyana, mimi na mama yangu, bila hata mmoja wetu kusema uongo. Yeye alisema "kidogo" kwa kunihurumia mimi. Mimi nililisikia "kidogo" kwa kuuhurumia mfuko wangu. Neno likatuachia kila mtu achague maana yake, na tofauti kati ya maana hizo mbili ilikuwa ni mwili wa mama uliopungua.

Siku ile ile nilimpigia mama watoto. Hakunilaumu. Alisema neno moja tu, "Haba," kisha akaenda kwa wenzake wa upatu akaomba zamu yake iletwe mbele. Jioni fedha zilifika kwa simu, nami kesho yake nilinunua gunia la mahindi na ndoo ya maharage hapo hapo Kintinku. Kodi ya nyumba tulilipa kwa miezi mitatu badala ya sita, baada ya maneno makali na mwenye nyumba. Jirani yule mzee nilimpelekea visado viwili vya mahindi. Alivipokea kwa mikono miwili akasema, "Mimi sikusema kitu, baba," nami nikamwambia ni kweli, hukusema.

Uliza kwa chombo

Tangu hapo, ndugu msomaji, nyumbani kwetu tumejiwekea desturi. Kila Jumapili mmoja wetu humpigia bibi simu, na ni marufuku kuuliza kama chakula kipo. Swali ni: "Kimebaki debe ngapi? Visado vingapi?" Baada ya hapo: "Kitakufikisha mwezi gani?" Mwanzoni mama alikasirika. Alituuliza kama tumekuwa mabwana shamba. Lakini mzee akiulizwa idadi hana budi kuitaja, maana kusema uongo katika idadi ni uongo hasa, na mama si mwongo.

Nakushauri nawe ufanye hivyo, nami sisemi kama mwalimu, nasema kama aliyeanguka mtihani. Wengi wetu tulio mijini tuna mama, baba, shangazi au mjomba mahali ambapo chakula hukatika Januari, na wengi wao ni watu wa adabu. Usimuulize swali linalojibiwa kwa "kidogo". Akisema anaumwa kidogo, muulize anaamka saa ngapi na anatembea hadi wapi. Akisema ana fedha kidogo, muulize alinunua nini mara ya mwisho dukani. Akisema paa linavuja kidogo, muulize ameweka ndoo ngapi. Na watoto nyumbani, wakiulizwa kama wana shida shuleni wakajibu "kidogo", usirudi kwenye gazeti lako. Hata hili.

Wala sisemi tulitupe neno lenyewe. Bila hilo tungekuwa watu wa kuamrishana tu, na safari za daladala zingekuwa vita. Liendelee kutusogeza, kutusubirisha na kutupisha. Ila likitajwa pamoja na chakula, dawa au maumivu ya mtu unayempenda, lishike, ulitafutie chombo chake.

Daftari la binti yangu tulilisahihisha hivi. Sentensi ya tisa: Bibi ana chakula haba. Ya kumi: Bibi ana chakula, si kingi. Mwalimu alizipa vyema zote mbili. Binti alizitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Baba, na bibi wa Kintinku ni wa tisa au wa kumi?" Nikampa simu amuulize mwenyewe.

Mama alimjibu kwamba amebakiwa na debe tatu na kisado kimoja, na uwele shambani unaanza kutoa masuke. Mtoto akaandika pembeni mwa daftari, kama nilivyomfundisha. Halafu akamuuliza habari za afya, na bibi yake akasema kwamba magoti yanamuuma kidogo.

"Kidogo gani, bibi?"

Kimya kilipita. Kisha nikamsikia mama akicheka, akasema, "Bombani nafika, mjukuu wangu. Kurudi na ndoo siwezi."

Nimekata tiketi ya Ijumaa. Wewe, msomaji, leo ni Jumapili, na simu unayo mkononi.